Deni la Anayekataza: Mimba, Hukumu na Binti Afanyaye Kazi Ughaibuni

Mjadala wa kidini na wa kifalsafa kuhusu utoaji wa mimba huanza, karibu kila mara, kwa kuuliza habari za kiumbe kilichomo tumboni: kina hadhi gani, kinakuwa mtu tangu lini, na nani ana mamlaka ya kukikatia hukumu. Swali hilo ni la msingi wala halikwepeki, lakini likiulizwa peke yake humchukulia mwanamke mwenye mimba kana kwamba yuko kwao, ana jamaa wa kumshauri na tabibu wa kumwendea, anaijua sheria ya nchi anamoishi, na anaweza kutoka nje ya nyumba pasipo kuomba ruhusa. Wapo wanawake wasio na hata moja kati ya hayo, na walio karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki ni mabinti wanaokwenda Omani na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani. Makala haya yanalitazama suala la mabinti hao kutokea Kibaha na Kisarawe, wilaya mbili za Mkoa wa Pwani, na yanatetea hoja moja: kwamba anayekataza jambo, awe ni dola, msikiti, kanisa au ukoo, huingia deni kwa yule anayemkataza, nalo ni deni la kumwezesha kutii, na kwamba katazo ambalo deni lake halijalipwa laweza kubaki kuwa kweli juu ya tendo, lakini halimpi mkatazaji haki ya kumtwisha mtendaji lawama yote.

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani na imekaa kando ya Barabara ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Kisarawe iko kwenye vilima vya Pugu, na barabara yake hushukia Gongo la Mboto hadi jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Wenyeji wa sehemu kubwa ya eneo hilo ni Wazaramo, ambao wengi wao ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, ingawa Ulutheri nao ulitia mizizi Maneromango tangu wamisionari wa Kijerumani walipofika mwishoni mwa karne ya 19. Kwa asili Wazaramo walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akaitwa mwali, akafundwa na kungwi, yaani mwanamke mzima aliyekabidhiwa mafunzo ya unyago. Desturi hiyo ilichunguzwa kwa kina na mtafiti wa Kifini Marja-Liisa Swantz, ambaye kitabu chake juu ya mila za Wazaramo kilitoka mwaka 1970. Haikuwa desturi ya upole kila wakati, kwa kuwa iliufunga ujana wa msichana ndani ya kuta nne na kuihesabu mimba ya kabla ya wakati kuwa aibu. Lakini ilikubali mambo mawili yenye uzito katika mjadala huu, kwamba elimu ya uzazi ni wajibu wa wakubwa kabla haijawa wajibu wa msichana, na kwamba mtoto wa mama mwenye ukoo hawezi kukosa ukoo, hata kama baba yake hajulikani.

Safari ya kwenda Ghuba humtoa binti katika mpangilio huo na kumtia katika mwingine, uitwao kafala, ambao ni utaratibu wa udhamini unaofungamanisha kibali cha mfanyakazi wa kigeni na mwajiri mmoja, kiasi kwamba anayeondoka kwa mwajiri huyo bila idhini huweza kuhesabiwa mtoro na kupoteza uhalali wa kuishi nchini. Shirika la Human Rights Watch lilitoa mwezi Novemba 2017 ripoti juu ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Omani na katika Umoja wa Falme za Kiarabu, na ndani yake wanawake walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanyishwa kazi saa nyingi bila mapumziko, kunyimwa mishahara, na wengine kudhalilishwa kingono na wanaume wa nyumba walizotumikia. Kabla ya kuondoka, vipimo vya afya vinavyotakiwa na nchi za Ghuba hujumuisha kipimo cha mimba, na mwenye mimba hahesabiwi kuwa anafaa kwa kazi. Kwa maneno mengine, utaratibu wote umejengwa juu ya dhana kwamba mfanyakazi wa ndani hana uzazi; na uzazi unapojitokeza, iwe kwa mapenzi, kwa hadaa au kwa nguvu, hauna mahali pa kuwekwa.

Sheria za nchi wenyeji huzidisha ugumu huo. Kanuni ya Adhabu ya Omani ya mwaka 2018 inaadhibu uhusiano wa kimwili nje ya ndoa, ingawa mashtaka husubiri malalamiko ya mume au walii, na hairuhusu mimba kutolewa ila kwa sababu za kitabibu, hasa kuokoa maisha ya mama. Umoja wa Falme za Kiarabu ulilegeza msimamo wake mwaka 2024 kwa kuruhusu mimba iliyotokana na ubakaji au na maharimu, yaani ndugu wa damu wasioweza kuoana, itolewe kabla ya siku 120, mradi ubakaji huo umeripotiwa kwa mamlaka na mwombaji amekaa nchini humo mwaka mmoja au zaidi. Sharti la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu linamwacha nje mgeni aliyewasili karibuni, ambaye ndiye asiyejua lugha, mtaa wala ofisi. Na sharti la kuripoti humtaka aliyefungiwa ndani aende mbele ya mamlaka kumshtaki mtu wa nyumba ileile inayoshikilia kibali chake cha kuishi. Akiamua kuzaa, hukutana na ugumu mwingine, kwa kuwa katika nchi nyingi za Ghuba usajili wa mtoto umefungamanishwa na ndoa ya wazazi wake.

Anayerudi nyumbani na mimba hufikia sheria ya namna nyingine. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, ambayo asili yake ni sheria ya Kiingereza ya mwaka 1861, inamtishia kifungo cha miaka 14 anayetoa mimba ya mwanamke mwingine kinyume cha sheria, miaka 7 mwanamke anayejitoa mwenyewe, na miaka 3 anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumika kwa jambo hilo. Haya yamo katika vifungu vya 150 hadi 152. Kifungu cha 230 kinafungua mlango mwembamba, kwa kuwa hakimtii hatiani anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa uhai wa mama. Uhai huo una upana gani? Mahakama ya London ilikwisha kujibu mwaka 1938 katika kesi ya daktari Aleck Bourne, aliyemtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na wanajeshi kisha akaachiwa huru, jaji akieleza kwamba kumlinda mwanamke asivunjike mwili au akili ni sehemu ya kuulinda uhai wake. Lakini sheria ya Tanzania haikuuandika upana huo, na daktari asiyekuwa na hakika huchagua kujilinda.

Sheria hiyo haiutaji ubakaji kama sababu ya kuruhusu, japokuwa tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 mbakaji huadhibiwa kwa kifungo kisichopungua miaka 30. Wakati huohuo, Tanzania iliridhia mwaka 2007 Itifaki ya Maputo, mkataba wa Umoja wa Afrika juu ya haki za wanawake, ambao ibara yake ya 14 inazitaka nchi wanachama ziruhusu utoaji wa mimba wa kitabibu pale penye ubakaji, zinaa ya maharimu, au hatari kwa afya ya mwili na akili ya mama. Kenya na Uganda ziliridhia mkataba huo zikaweka pingamizi dhidi ya kipengele hicho, Tanzania haikuweka, wala haikukiingiza katika sheria zake. Katazo halijalimaliza tendo lenyewe, kwa maana watafiti walikadiria kuwa mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa nchini, na wanawake wanaozidi 66,000 wakatibiwa hospitalini kwa madhara yaliyofuata.

Hali ikiwa hivyo, dini zinasema nini? Katika Uislamu mjadala huzunguka maelezo ya Kurani juu ya hatua za kuumbwa kwa mwanadamu, hasa katika Sura ya Al-Muuminun aya ya 12 hadi 14, pamoja na hadithi iliyopokewa na Ibn Masud, ambayo wanazuoni wengi wameifahamu kuwa roho hupulizwa baada ya siku 120. Baada ya muda huo karibu wote wanakubaliana kwamba kutoa mimba ni haramu, isipokuwa kuuokoa uhai wa mama. Kabla yake wametofautiana: wanazuoni wengi wa madhehebu ya Hanafi waliruhusu palipo na udhuru, wa Maliki walikaza tangu mwanzo, na ndani ya Ushafii wenyewe kuna kauli zaidi ya moja, ikiwemo ya Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye aliona kuwa kukiharibu kiumbe ni kosa tangu mbegu inapotulia, na kwamba uzito wa kosa huongezeka kadiri hatua zinavyosonga. Baraza la Fiqhi la Makka liliamua mwaka 1990 kuwa kijusi, yaani kiumbe kilicho tumboni, kikithibitika kuwa na ulemavu mkubwa usiotibika, mimba inaweza kutolewa kabla ya siku 120. Jambo la kuzingatia ni kwamba kauli zote hizo, za kulegeza na za kukaza, zimetanguliza kwamba kuna mtu wa kuulizwa, tabibu wa kuthibitisha na muda wa kusubiri. Binti aliyefungiwa Maskati huenda akazimaliza siku 120 kabla ya kumpata wa kumwambia.

Kwa sababu hiyo, mafundisho yanayomhusu zaidi binti huyo ni yale ya wajibu na uwezo. Aya ya 31 ya Sura ya Al-Israa, inayokataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara, haikuliacha katazo peke yake, kwani hapohapo inatoa ahadi ya riziki kwa watoto na kwa wazazi. Anayekataza ndiye anayedhamini. Imam Muslim amepokea habari za mwanamke wa kabila la Ghamid aliyekiri zinaa akiwa mjamzito, ambaye Mtume aliichelewesha hukumu yake mpaka ajifungue na mtoto aachishwe ziwa, kisha mtoto akakabidhiwa kwa mtu miongoni mwa Waislamu. Kiumbe kililindwa, lakini ulinzi huo uliambatana na mlezi aliyejulikana kwa sura. Vitabu vya fiqhi vinasimulia pia kisa cha mwanamke aliyekuwa karibu kufa kwa kiu, mchunga akamnyima maji mpaka akubali kulala naye, na Khalifa Umar, baada ya kushauriana na Ali, akamwachia kwa kuwa alishurutishwa na dhiki. Mfanyakazi ambaye mshahara, chakula na pasipoti yake vimo mkononi mwa mwanamume wa nyumba hayuko mbali na mwanamke yule.

Ukristo umefika mahali panapofanana na hapo kwa njia nyingine. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba uhai wa mwanadamu unastahili heshima kamili tangu kutungwa mimba, ingawa Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, alidhani kuwa roho ya kiakili huingia baadaye, na sheria ya Kanisa iliendelea kupima adhabu kwa kutofautisha hatua za kijusi mpaka Papa Pius wa Tisa alipoiondoa tofauti hiyo mwaka 1869. Waraka wa Papa Yohane Paulo wa Pili wa mwaka 1995 juu ya Injili ya Uhai, ambao ni miongoni mwa matamko makali zaidi dhidi ya utoaji wa mimba, haukumwachia mwanamke lawama yote. Aya yake ya 59 inataja wajibu wa baba wa mtoto, jamaa, matabibu, watunga sheria na taasisi za kimataifa. Sheria ya Kanisa nayo inakubali kwamba woga mkubwa hupunguza hatia, na kwamba aliyetenda chini ya woga huo haangukiwi na adhabu ya kutengwa inayojileta yenyewe, yaani adhabu isiyongoja kutamkwa na mahakama ya Kanisa. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote idhini ya kuondolea dhambi hiyo katika kitubio. Mafundisho hayakubadilika, lakini nafasi ya anayeelemewa ilipanuliwa.

Falsafa hutoa sababu ya muafaka huo. Katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, Aristotle alieleza kuwa tendo huhesabiwa la hiari pale tu ambapo mtendaji hakushurutishwa na alijua anachokitenda, na wanazuoni wa Kiislamu walisema jambo la jirani na hilo walipofundisha kwamba taklifu, yaani mzigo wa amri na makatazo, haimwangukii mtu kupita uwezo wake. Hali ya binti afanyaye kazi Ghuba inagusa masharti yote mawili, kwa kuwa kushurutishwa kumo katika udhamini na kutojua kumo katika namna alivyotumwa. Wakala aliyemtafutia kazi alimweleza mshahara, hakumweleza kwamba mimba nje ya ndoa inaweza kumfikisha gerezani. Familia iliyopokea ahadi ya fedha haikuuliza. Na wakubwa waliokuwa na wajibu wa kumfunda waliuacha, bila mtu mwingine kuuchukua. Yeyote kati yao anayesimama baadaye kumhukumu anahukumu tendo ambalo alishiriki kuliandaa.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni kwamba inalidhoofisha katazo: ikiwa kila mwenye dhiki atasamehewa, kiumbe cha tumboni kitabaki bila mtetezi, nacho ndicho kisicho na sauti kabisa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linachanganya hukumu ya tendo na hukumu ya mtendaji. Anayeamini kwamba kijusi kina haki ya kuishi hapungukiwi na imani yake anapokiri kuwa haki hiyo inawadai watu wengi zaidi ya mama. Kinyume chake, haki inayodaiwa kwa mtu mmoja tu, tena aliye dhaifu kuliko wote, ni haki iliyotetewa nusu. Waswahili wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ni rahisi kuutukuza uhai kwa gharama ya mgongo wa mwingine.

Pingamizi la pili hutoka upande wa pili. Mwanafalsafa wa Marekani Judith Jarvis Thomson aliandika mwaka 1971 kwamba hata tukikubali kuwa kijusi ni mtu kamili, bado haijathibitika kwamba mtu mmoja analazimika kuutoa mwili wake utumike kumhifadhi mwingine. Kwa wanaomfuata, kuzungumzia deni la mkatazaji ni kukwepa swali la haki ya mwanamke juu ya mwili wake. Swali hilo halikwepwi hapa, ila linaonekana kuja baada ya jingine. Haki ya kuchagua, kama ipo, haimfai aliyefungiwa mlango kuliko amri ya kutii inavyomfaa. Wote wawili, anayetetea uchaguzi na anayetetea katazo, wanamhitaji mwanamke aliye huru kiasi cha kuweza kuchagua au kutii, na katika kuutafuta uhuru huo wanaweza kwenda pamoja mwendo mrefu kabla ya kutengana.

Mkoa wa Pwani umekwisha kuona nini hufuata katazo linapotolewa bila deni lake kulipwa. Mwezi Juni 2017, akiwa Bagamoyo, Rais John Magufuli alitangaza kwamba mwanafunzi atakayejifungua hatarudi shuleni; tamko hilo lilikusudia kulinda maadili, lakini lilimfanya msichana mwenye mimba aone njia mbili tu, kuificha mimba kwa hatari ya uhai wake au kuiacha elimu na kutafuta kazi isiyohitaji cheti, na kazi za ndani, za nyumbani na za ughaibuni, ndizo zilizo karibu. Zuio hilo liliondolewa mwezi Novemba 2021. Mkoa huohuo una mfano wa kinyume chake, kwani Kibaha ndiko serikali na nchi za Nordiki zilikoanzisha mwaka 1963 kituo cha kupambana na ujinga, maradhi na umaskini, ambacho leo ni Shirika la Elimu Kibaha, na ambacho kutokana nacho ilikua Hospitali ya Tumbi, hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa taasisi za namna hiyo, neno la mkubwa kwa mdogo linapata miguu: asiwe mjinga, kwa kuwa shule ipo, asife kwa uzazi, kwa kuwa hospitali ipo.

Deni la mkatazaji, basi, lina sura mahususi. Kwa dola, ni kuandika upana wa kifungu cha 230 ili daktari na mgonjwa waujue, kulitolea uamuzi wa wazi sharti la Maputo ambalo nchi ililiridhia bila pingamizi, na kudai katika makubaliano na nchi za Ghuba kwamba mfanyakazi aliyebakwa asishtakiwe na mtoto wake asajiliwe; sheria ya kazi ya mwaka 2004, inayompa mama likizo ya siku 84 na kukataza kumfukuza kazi kwa sababu ya ujauzito, inakomea mpakani, na mkataba wa nchi kwa nchi ndio unaoweza kuiongezea mkono. Kwa hospitali, ni kumpokea bila mahojiano ya kipolisi anayefika akivuja damu, kwa kuwa matibabu baada ya mimba kuharibika au kutolewa ni halali, na anayeogopa kuyafuata hufa kwa woga kabla ya ugonjwa. Kwa msikiti na kanisa, ni kuyasema kabla ya safari yale yanayosemwa baada ya msiba: hukumu ya dini, sheria ya nchi anayoiendea, jina la ubalozi, na mtu wa kupigiwa simu. Kwa ukoo, ni kurudia kanuni yake ya kale, kwamba mtoto wa binti yao ni mtoto wao.

Hakuna lolote katika haya linalomtaka muumini aliache katazo lake, wala linalomtaka asiyeamini alikubali. Linalotakiwa ni mfuatano wa haki: deni litangulie, hukumu ifuate. Jamii iliyompeleka binti mbali kwa manufaa ya wote, ikapokea fedha alizotuma, ikamkataza kuitoa mimba na kisha ikamfungia mlango aliporudi nayo, haijatetea uhai wa mtu yeyote. Imewakana watu wawili, na dhambi hiyo nayo ina wa kuulizwa.